Adui Hapewi Tuzo

Watu wa kwetu hawakujua kuangalia picha. Nalisema hili bila kumung'unya maneno, na atakayekasirika, shauri yake. Kulima walijua, hilo siwanyimi. Mpe mtu wa Umatengo mlima ulioinama kama paa, atauchimba ngoro, yale mashimo yetu yanayozuia udongo usishuke na mvua, na mwakani utamkuta anavuna mahindi pale ambapo hata mbuzi alikuwa anaogopa kusimama. Lakini mtu huyohuyo mkalishe kwenye benchi mbele ya televisheni, halafu uone atakavyokutia aibu.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi wa kahawa wamepanda na magari yao hadi Mbinga, na kila mtu aliyeweza kusimama nyuma ya meza alijiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni Mbinga mjini, na Jumapili nilirudi kijijini kwetu, upande wa Litembo, kusali na kula chakula cha mama. Nyuma ya soko kulikuwa na mzee mmoja, zamani karani wa ghala la kahawa. Ghala lilipofungwa alinunua jenereta, deki na televisheni, akapigilia mabanzi akapata banda, akaandika kwa chaki mlangoni: LEO VIDEO. Hata kama video yenyewe ilikuwa kesho, mlango ulisema leo. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa sanaa wa wilaya nzima.

Mikanda ilimfikia kwa njia mbili. Mingine ilitoka Dar es Salaam kupitia Songea, ikifika imechoka, imeshakatika na kuungwa mara nyingi. Mingine ilivuka ziwa kutoka ng'ambo, ikashuka Mbamba Bay, ikapandishwa milimani na dereva wa pikapu aliyekuwa akibeba usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Mikanda ya ziwani ilinuka usipa, na deki ikaambukizwa. Paka wa sokoni walikuwa wanakuja kulala juu yake, na ukiwafukuza wanakuangalia vibaya.

Na watazamaji sasa! Mtu anaingia na koti lake la msibani, anakaa, anauliza swali moja tu: "Steringi ni yupi?" Akishaonyeshwa steringi, yaani yule mwema anayefuatwa na hadithi, kazi yake ya kufikiri imeisha. Anachotaka ni steringi asife na adui afe. Adui akipigwa, banda zima linasimama. Steringi akipigwa, wanamwomba mwenye banda apeleke mkanda mbele. Siku moja steringi alikufa kweli, mwisho wa picha, amelala kwenye theluji, amekufa vizuri mno, nikawa nalia peke yangu pale kwenye benchi. Wenzangu walisimama wakamzingira mwenye banda wakisema ule mkanda ni feki, steringi hafi, awaletee ule halisi.

Mimi ndiye niliyewaletea habari za tuzo. Idhaa moja ya Kiswahili ya nje ilikuwa ikitangaza kila mwaka, masika yakiwa yamepamba moto, kwamba huko Marekani waigizaji wamekusanyika ukumbini wanapewa visanamu vya dhahabu: mwigizaji bora wa kiume, mwigizaji bora wa kike, picha bora, muziki bora, hadi mshona nguo bora. Na kabla ya siku yenyewe yanatajwa majina ya wanaogombea. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikaa chini. Kumbe duniani kuna watu wazima wanaokaa na kubishana nani ameigiza vizuri na nani hovyo! Nikajiona nina ndugu mahali. Kesho yake nikawaeleza wenzangu bandani, wakati jenereta linapumzishwa, nikawaambia na sisi tutabiri.

Wangekuwa watu wa maana wangeuliza hizo picha zinahusu nini. Thubutu! Fundi cherehani mmoja akasema apewe yule mwenye kifua. Mwingine akasema apewe aliyeua wengi, maana ndiye aliyefanya kazi kubwa. Mwenye banda, ambaye alijiona msomi kwa kuwa aliwahi kushika kalamu ya ushirika, alisubiri wote wamalize. Akakohoa. Kulikuwa na mwigizaji mmoja mzee aliyesifiwa mwaka ule kwa jinsi alivyoigiza kifo. "Huyo hawawezi kumpa," mwenye banda akasema. "Amekufa. Watampa nani, ndugu wa marehemu?" Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilimwangalia usoni nikitafuta japo chembe ya utani. Haikuwepo.

Basi nikaendelea hivyo, kila masika, kutabiri katikati ya mbumbumbu. Nilikuwa na kanuni zangu. Anayelia sana hapewi. Anapewa anayejizuia kulia. Picha yenye majumba makubwa na magauni ya zamani itapata ya nguo, hata kama haina akili. Mwimbaji akijaribu kuigiza hapati, waigizaji wanamwonea wivu. Na hao Wazungu nao msidhani ni malaika: wana tabia ya kumpa mtu tuzo leo kwa kazi aliyoifanya zamani, kama mzee wa ukoo anayekumbuka kumpa mjukuu paja la kuku wakati mjukuu ameshaota ndevu. Nilitabiri bila kuona hata picha moja kati ya zilizokuwa zinagombea, maana kwetu zilifika zikiwa zimezeeka. Hilo halikunisumbua. Muuza mitumba anaijua nguo nzuri kwa kupapasa belo kabla halijafunguliwa.

Sasa nieleze habari ya Yuda, maana ndiyo iliyoniponza.

Kila Ijumaa Kuu kigango chetu kiliigiza Mateso ya Bwana, nje, kwenye uwanja wa kanisa. Katekista ndiye aliyepanga nani awe nani. Yesu alikuwa kijana mmoja mrefu, fundi wa kufyatua matofali, aliyechaguliwa kwa sababu ya ndevu tu. Mkristo mwenzangu yule aliigiza kama gogo. Pilato aliandika maneno yake kwenye kiganja, na jasho likayafuta. Na Yuda? Yuda hakupatikana. Kwetu hakuna mama aliyekubali mwanawe awe Yuda, hata kwa dakika tano. Desturi ilikuwa kumpa mgeni: mwalimu aliyehamishiwa shule ya msingi akitokea mkoa mwingine, au kibarua wa barabara, mtu ambaye siku moja ataondoka na laana yake akatuachia kijiji safi. Mwaka ule mgeni hakuwepo. Katekista akauliza nani atajitolea, kimya. Akauliza tena, watu wakaangalia miguu yao. Nikasimama mimi.

Sikusimama kwa unyenyekevu. Nilisimama kwa kuwachoka. Miaka yote Yuda wetu alitembea ameinama, anasugua viganja, anatoa macho. Hata mtoto anayenyonya angemkamata. Mtu wa namna hiyo angewezaje kukaa na Bwana siku zote zile asijulikane? Yuda alikuwa mtu mzuri wa kukaa naye. Alishika mfuko wa wenzake, na mfuko hupewi ukiwa na sura ya mwizi. Nilijifunza hilo bandani, kwa sababu maadui wote wa maana niliowaona walikuwa wapole. Kwa hiyo siku ilipofika nilimwendea yule fundi matofali polepole, nikamwangalia kwa mapenzi, machozi yakanitoka, nikamshika bega, nikambusu shavuni, kisha nikabaki nimeegemeza paji langu la uso kwenye lake. Halafu bibi mmoja akapiga yowe, na udongo ukaanza kurushwa.

Nilifurahi, jamani! Nilikuwa na tope hadi masikioni na bado nafurahi. Mama hakufurahi. Aliniwekea ugali jioni ile bila kunitazama, akasema neno moja tu, "Umejitafutia." Watoto wakaanza kunifuata njiani, "Yuda! Yuda!" na hata mjini, watu wa kijiji chetu waliokuja sokoni wakawa wanaipita meza yangu na kununua kwa jirani. Nikasema wajinga hawa, itawapita.

Msimu wa kahawa ulipokwisha nikataka kuoa. Msichana mwenyewe alikuwa wa kigango chetu, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Tulikuwa tumejuana tangu mwaka uliotangulia ule wa Yuda, alipokuja mezani kwangu kumtafutia baba yake sweta, maana baridi ya kwetu mwezi wa saba haina mzaha. Akalichukua sweta moja, akaligeuza nje ndani, akalinusa, akaniambia, "Hili mwenyewe ameshazikwa. Nipe la mtu aliye hai." Nilicheka hadi jirani zangu wakageuka. Tangu hapo kila siku ya soko alikuwa akipita. Mara mbili aliingia bandani mchana, akiwa na kaka yake, na hakuuliza steringi ni yupi. Wakati wengine wanamwangalia anayeongea, yeye alikuwa akimwangalia anayesikiliza. Nilimpenda, nisizungushe maneno. Nilimpenda kiasi kwamba siku asipopita nilifunga meza mapema kwa hasira na kumgombeza kila aliyenisalimu.

Nikamtuma baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, awe mshenga. Baba wa msichana alikuwa mwenyekiti wa kigango, mzee mwenye kahawa iliyopaliliwa kwa utaratibu na redio kubwa ya betri iliyovishwa kitambaa. Baba mdogo alikwenda na matumaini, akarudi amekunja uso.

"Anasema hatoi binti kwa Yuda."

Nilicheka. Baba mdogo hakucheka.

"Mwanangu, nisikilize. Walikaa sengu kabisa, wanaume wa ukoo wao wote, wakala pamoja na kulizungumza. Mzee anasema yeye hana wazimu, anajua wewe si Yuda. Lakini anasema mtu hatoi kitu ambacho hakimo ndani mwake. Waliokutangulia walishindwa kuwa Yuda kwa sababu hawakuwa naye. Wewe uliweza."

Hebu fikiria! Mtu mzima, msoma masomo kanisani, mnywaji wa chai ya maziwa! Kwa hesabu yake, yule fundi matofali ambaye Jumatatu ya Pasaka alikutwa amelala kwenye mfereji, pombe ya komoni imemshinda, alikuwa na Mwokozi ndani mwake. Nilitukana peke yangu chumbani hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini huyu ndiye aliyemshikilia mke wangu, kwa hiyo ilinibidi nimwambie.

Nikiwa bado naumia hivyo mwaka ukageuka, na yule dereva wa usipa akaleta mkanda. Kwa mara ya kwanza picha ilikuwa mpya, imeibwa ndani ya ukumbi wa sinema na mtu aliyeficha kamera. Vichwa vya watazamaji wa huko vilikuwa vinapita chini ya kioo, na kulikuwa na mtu anakohoa mwanzo hadi mwisho. Ilihusu kikongwe kipofu mwenye shamba kubwa, ambaye mwanawe alipotelea vitani. Anakuja mtu anasema, mama, ni mimi. Wala si yeye. Anataka shamba. Na anamtunza yule mama kweli: anamchana nywele, anamlisha, anamwimbia, hadi siku mama anapoweka dole gumba kwenye hati. Yule mwigizaji hakutoa macho hata mara moja. Kuna mahali mama anampapasa usoni amtambue kwa vidole, naye anafumba macho, anatulia, na unaona kabisa anatamani angekuwa mwanawe kweli, na bado ataiba. Nilishikilia benchi kwa mikono miwili. Ile ndiyo kazi niliyoijaribu Ijumaa Kuu, sasa naiona mikononi mwa fundi.

Banda lilitaka kuvunja televisheni. Shamba la kikongwe! Kwa watu ambao ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wenye migomba miwili, ungetegemea nini? Mwenye banda aliapa mbele ya wote kwamba mkanda ule hautaingia tena kwenye deki yake, akaurudisha kwa dereva.

Haukupita muda redio ikataja wanaogombea tuzo, na yule mwizi wa shamba yumo, mwigizaji bora wa kiume. Hapo ndipo nilipopata wazo. Kijijini kwetu hakuna habari iliyokuwa ya kweli mpaka redio ya mwenyekiti iiseme. Mzee mwenyewe aliiamini kuliko macho yake; redio ikisema mvua imenyesha, alivaa koti. Nikamtuma tena baba mdogo. Nikamwambia: kamwambie mzee kuna mtu huko Marekani ameigiza uovu kuliko mimi mara kumi, na hao wenye akili wa huko wanafikiria kumpa tuzo ya heshima mbele ya dunia nzima. Akipewa, maana yake wanajua kuigiza ni kazi ya mtu, si tabia yake. Mwambie asimtoe binti kwa mwingine mpaka redio iseme, na ikisema amepewa, anifikirie upya.

Baba mdogo alikataa kubeba ujumbe wa kipuuzi namna ile. Nilimbembeleza hadi akaubeba. Aliporudi alikuwa anashangaa.

"Amekubali. Amesema atasikiliza. Lakini anasema hawatampa. Adui hapewi tuzo, anasema, Wazungu si wajinga kiasi hicho."

"Hakuuliza kitu?"

"Nilipomsimulia picha yenyewe, aliuliza kama yule mama alirudishiwa shamba lake. Nikamwambia ndiyo. Sijui kama alirudishiwa, lakini nilimwambia ndiyo."

Basi Kwaresima ile nilitabiri kwa jasho. Miaka yote ilikuwa ubishi wa kupitishia mvua. Sasa ndoa yangu ilikuwa imefungwa ndani ya bahasha ya watu wasionijua. Wagombea walikuwa watano. Kijana mmoja mzuri wa sura aliigiza rubani. Huyo nilimfuta mapema, kijana mzuri huwa anasubirishwa. Mwingine, Mwingereza, aliigiza mfalme. Waingereza wana sauti nzito, basi, hakuna zaidi. Wa tatu aliigiza mgonjwa asiyeweza kusema, na huko mgonjwa hupendwa mno, kwa hiyo huyu alinikosesha raha. Wa nne alinitisha zaidi. Alikuwa mzee aliyekwishagombea mara nyingi bila kupata, na niliijua ile huruma yao ya kuchelewa. Nilimchukia mzee wa watu ambaye hakunikosea lolote. Nikawa namwombea apate mafua siku hiyo asifike ukumbini. Wa tano alikuwa mtu wangu.

Bandani wote walitabiri rubani. Kwa nini? Kwa sababu redio ilimtaja kwanza. "Anayetajwa wa kwanza ndiye wa kwanza," mwenye banda akatangaza, na wale kondoo wakaitikia. Niliposema mimi nampa mwizi wa shamba, fundi cherehani akapiga makofi. "Lazima umpende," akasema, "ni Yuda mwenzio!" Wakacheka hadi benchi likapinduka na waliokuwa juu yake. Nikawaambia wabaki na steringi wao, debe tupu haliachi kuvuma. Nikatoka nje nikasimama kwenye manyunyu.

Asubuhi ya matokeo nilikwenda na baba mdogo nyumbani kwa mzee. Mvua ilikuwa imepumzika na ukungu umelala bondeni. Shikamoo, marahaba, tukapewa viti barazani. Msichana alileta uji, akaweka, akaondoka bila kuniangalia. Nikasema hiyo ndiyo adabu, mbele ya baba. Mzee akaivua redio kitambaa chake, akavuta antena, akaigeuza kuelekea mlimani inakoshika vizuri. Tukasikiliza vita vya watu, tukasikiliza bei za mafuta, tukasikiliza mpira. Nikaanza kudhani hawatasema. Kisha yule mtangazaji akayasoma, tena kwa haraka, kana kwamba hakuna mtu anayesubiri.

Utabiri wangu ulianguka karibu wote. Picha bora, nilikosa. Mwigizaji wa kike, nilikosa. Muziki, nilikosa. Hata nguo, nguo ambazo ndizo zilizokuwa zikinilisha, nilikosa! Halafu akamtaja mwigizaji bora wa kiume, na alikuwa mtu wangu.

Baba mdogo alinigonga goti. Niliinamisha kichwa nikamshukuru Mungu kwa dhati, kwa mara ya kwanza Kwaresima nzima. Mzee akazima redio, maana betri hazichezewi, akaivisha tena kitambaa chake.

"Wamempa," akasema.

"Wamempa, baba."

"Yule aliyemdanganya mama kipofu."

"Ndiyo, baba. Kwa sababu aliigiza vizuri kuliko wote."

Akafikiri. Siwezi kusema hakufikiri. "Mimi nilisema tusikilize," akasema, "na tumesikiliza. Wamekaa, wamechunguza nani anajua kudanganya kuliko wenzake, wamempata, wakampigia makofi. Basi, kijana, usipoteze muda wako na sisi. Nenda ukaoe huko."

Akasimama, akachukua kisu chake, akaenda kuondoa machipukizi kwenye kahawa. Nilimdharau palepale, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake na kikombe cha uji wake mkononi. Unamletea mtu ushahidi kutoka ng'ambo ya bahari, anaupokea kwa mikono miwili, halafu anakufungia nao mlango! Afadhali ningebishana na mbuzi.

Nikamwacha baba mdogo barazani akimalizia maneno ya heshima, nikateremka kijitoni, ambako msichana alikuwa anateka maji. Nilikuwa nawaka. Nikamwambia mtu wangu ameshinda. Nikamwambia baba yake ni mjinga, na sengu lao lote ni la wajinga, na kijiji kizima hakuna mwenye kichwa. Nikamwambia twende zetu Mbamba Bay. Kule ziwani hakuna aliyeniona Ijumaa Kuu. Nitauza mitumba, tutakula samaki wabichi, na tukishapata mtoto baba yake atatupokea tu, kwani wangapi wameoana hivyo na leo wanakaa viti vya mbele kanisani?

Alijaza ndoo hadi juu kabla ya kunijibu.

"Baba hakukataa yeye," akasema. "Aliniuliza, tangu siku ile baba yako mdogo alipokuja. Mimi ndiye niliyesema hapana. Yeye alijibebesha maneno ili usinichukie."

Nikamwambia asinitanie.

"Sitanii. Ijumaa Kuu ile kwaya tulisimama karibu nanyi, nilikuona vizuri. Ulivyomshika bega. Machozi yalikutoka ya kweli kabisa. Na wewe humpendi yule fundi matofali, kila siku unamsema ni gogo. Nikarudi nyumbani nikakumbuka unavyoniangalia mimi pale sokoni. Ni vilevile. Uso ni uleule."

"Lile lilikuwa igizo!"

"Najua ni igizo. Ndiyo ninaloliogopa. Wewe mwenyewe husema, anayestahili tuzo ni yule ambaye huoni kwamba anaigiza. Haya, nikae na wewe maisha yangu yote, na kila ukiniambia neno zuri nianze kutafuta?"

Nilitafuta tusi la kumjibu, sikulipata. Kwa hiyo nikamwambia nampenda. Nilisema taratibu, bila mbwembwe. Katikati sauti ilikatika, wala si mimi niliyeikata, na machozi yakanijaa machoni, nikayachukia yale machozi kwa sababu nilijua yanavyoonekana. Hakunikatiza. Alinitazama usoni kwa makini hadi nilipomaliza.

"Umesema vizuri sana," akasema. Akajitwisha ndoo, akapanda kwao.